Muulize Sista: Niuze robo ekari nikachomwe neva za figo?

Sista, pokea salamu kutoka Njoro. Mimi ni dereva mstaafu, miaka 61. Niliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka 27, na mgongo wangu unalijua kila shimo la barabara hiyo. Ukinishika sana nanunua diklofenaki dukani, mbili asubuhi, mbili jioni, natulia. Presha nilipatikana nayo miaka tisa iliyopita. Nameza vidonge vitatu: amlodipini, losatani na kile cha maji. Hicho cha maji nakiacha nyumbani siku ya safari, maana matatu haisimami kila mzee akitaka kujisaidia, nami Nairobi nakwenda mara mbili kwa wiki kwa shughuli za chama chetu cha madereva. Kila nikifika kliniki mashine inasoma 168 kwa 100, juzi ikasoma 172. Daktari ameniambia presha yangu ni sugu.

Kijana wangu aliye Ujerumani amenitumia video ya daktari anayepitisha waya pajani hadi kwenye figo, anachoma neva, presha inashuka. Anasema nikifanyiwa hivyo nitaagana na vidonge. Nina robo ekari kando ya barabara na mnunuzi yuko tayari, analeta pesa mwisho wa mwezi. Mama watoto amekataa kutia sahihi. Yeye mwenyewe siku hizi analala chumba cha wajukuu, ati nakoroma kama lori linalopanda Timboroa. Je, jambo hili ni la kweli au ni biashara ya watu? Niuze au nisiuze?
Dereva mstaafu, Njoro

Mwambie mnunuzi angoje. Sisemi umfukuze, nasema angoje. Na mama watoto mpelekee chai kitandani, kwa sababu ndani ya barua yako ametajwa mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye mwenye la maana.

Nianze na swali la kwanza. Jambo hili ni la kweli. Si kama zile chupa zinazouzwa pale stendi ya mabasi hapa Kisumu na kijana mwenye kipaza sauti, zinazotibu presha, kisukari na mume asiyerudi nyumbani. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliruhusu vifaa viwili vya kazi hiyo mwezi wa Novemba 2023, kimoja cha mawimbi ya redio na kingine cha mawimbi ya sauti. Huko Ujerumani aliko kijana wako madaktari wameifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo kijana hakudanganywa. Amesimuliwa nusu.

Wewe ni mtu wa malori, basi tuongee kilori. Kila figo hupokea damu kupitia ateri yenye unene wa milimita tano au sita hivi. Kwenye ukuta wa nje wa ateri hiyo, neva nyembamba zimetambaa kama mmea uliopanda mti. Neva hizo ndizo utingo wako, au tanboi kama mlivyozoea kumwita. Kazi yake ni kupiga bodi na kupaza sauti: kanyaga! Figo ikimsikia hufanya mambo matatu. Humwaga kitu kinachoitwa renini, ambacho mwisho wa safari yake ni mishipa ya mwili mzima kujikaza. Huzuia chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Na hupunguza damu inayopita ndani yake yenyewe. Siku ukifukuzwa na mbwa, tanboi huyo ni rafiki. Shida ni kwamba kwa wengi wenye presha huwa hapati usingizi. Lori limeegeshwa, taa zimezimwa, dereva anakoroma, yeye bado anapiga bodi. Tena ndani ya fungu hilohilo zimo neva zinazopeleka habari kutoka kwenye figo kwenda ubongoni, kwa hiyo figo nayo humchochea dereva.

Daktari anataka kumnyamazisha tanboi bila kubomoa lori. Anatoboa tundu dogo kinenani, anapenyeza katheta, yaani mpira mwembamba mrefu, anaupandisha ndani ya mshipa mkubwa wa damu hadi aingie ateri ya figo, huku akitazama njia kwenye eksirei. Kifaa cha redio kina ncha inayojisokota kama skrubu na sehemu nne za kuchomea, kila mchomo kama dakika moja. Kile cha sauti kina kiputo ambacho ndani yake maji huzunguka kupoza ukuta wa ndani wa ateri, joto likafanye kazi yake nje zilipo neva. Unapochomwa panauma, ndiyo maana unapewa dawa ya kukusinzisha. Kazi ni ya saa moja hivi, na kwa kawaida kesho yake unarudi nyumbani. Madhara yapo lakini si mengi: damu kuvilia kinenani, na mara chache sana ateri ya figo kuja kuwa nyembamba baadaye.

Wazo lenyewe lina umri kutuzidi sisi wote wawili. Miaka ya 1930 na 1940, kabla ya kupatikana vidonge vya maana, madaktari wa upasuaji Marekani walikuwa wakimpasua mgonjwa mgongoni na kukata neva za namna hiyo kwa kisu. Bwana mmoja wa Boston, Smithwick, mwaka 1953 alichapisha habari za wagonjwa wake zaidi ya elfu moja. Presha za wengine zilishuka kweli. Ila mtu akisimama ghafla, kichwa chepesi, chini! Mwaka 1958 kikaja kidonge cha maji cha kwanza chenye nguvu ya kuaminika, klorothiazidi, na kisu kikawekwa kabatini. Hicho cha maji unachokiacha nyumbani siku ya safari ni mdogo wake, tumbo moja.

Sasa nikupe nusu isiyokuwemo kwenye video.

Mwaka 2009 daktari Henry Krum wa Melbourne na wenzake walichapisha matokeo ya kwanza ya kuchoma kwa katheta, na mwaka uliofuata utafiti wao wa pili ukatangaza kwamba presha, ile namba ya juu, ilishuka kwa 32. Thelathini na mbili! Watu wakashangilia, mahospitali ya Ulaya yakanunua mashine. Lakini katika utafiti ule aliyechomwa alijua amechomwa, na asiyechomwa alijua hakuchomwa. Basi Wamarekani wakaamua kupima kwa ukali. Wakachukua wagonjwa 535 wenye presha sugu. Wote wakalazwa, wote wakatobolewa kinena, wote wakapigwa picha ya ateri za figo, wakiwa wamesinzishwa, wamefungwa kitambaa machoni na muziki unapigwa masikioni wasijue kinachoendelea. Wawili kati ya kila watatu wakachomwa neva. Wa tatu akatobolewa tu. Matokeo yalitoka 2014: baada ya miezi sita, waliochomwa walikuwa wameshuka 14. Wasiochomwa walikuwa wameshuka 12.

Kumi na mbili, kwa kitambaa na muziki.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu chumba cha wauguzi, kisha nikaacha kucheka, maana nilijua zile kumi na mbili zimetoka wapi. Mtu akiingia kwenye utafiti anapigiwa simu, anapimwa vizuri, anaulizwa kila mara, naye anaanza kumeza dawa kama ilivyoandikwa. Hilo ni jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, na halihitaji katheta.

Wenye kifaa hawakukata tamaa, na naona walifanya vyema. Walichunguza wakakuta madaktari wengi wa utafiti ule ndio kwanza walikuwa wanajifunza kazi, na ateri nyingi hazikuchomwa kuzunguka pande zote. Wakaboresha vifaa, wakajaribu upya, safari hii wakiwaondoa watu kwenye vidonge kwanza ili waone neva peke yake zina uzito gani. Ule wa mawimbi ya sauti uliotolewa 2023 ulikuwa na watu 224. Baada ya miezi miwili presha ya mchana ilishuka kwa 7.9 kwa waliochomwa na 1.8 kwa waliofanyiwa maigizo, yaani bila kuchomwa. Tofauti ni sita hivi. Huo ndio ukweli wa neva za figo kwa namba: karibu na kazi ya kidonge kimoja kizuri. Usiidharau sita. Presha ikipungua kwa tano tu, hatari ya kiharusi, moyo kushindwa na mengine ya aina hiyo hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini chukua karatasi, andika 168, toa sita. Halafu tazama robo ekari.

Na ile habari ya kuagana na vidonge, iondoe kichwani. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kiliandika kwamba tiba hii inaweza kufikiriwa kwa mtu ambaye vidonge vitatu vimemshinda, hospitalini penye uzoefu nayo, baada ya kumweleza mgonjwa faida na hasara, na figo zake ziwe bado zina nguvu ya kutosha. Wanaongeza katheta juu ya vidonge. Wachache hupunguziwa kidonge. Atakayekuahidi kwamba utatupa vyote jalalani, mwulize atakurudishia shamba lini.

Sasa nirudi kwenye barua yako, ambayo nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Kabla sijakusoma wewe lakini, nijisome mwenyewe kwanza.

Nilifanya kazi kliniki ya presha kwa miaka 19, kila Jumanne. Alikuwapo mzee mmoja mvuvi wa huku upande wa Dunga, mpole, hakosi siku yake, faili lake limenenepa. Presha yake haikushuka. Mimi ndiye niliyeandika SUGU juu ya faili kwa herufi kubwa, na ni mimi niliyempelekea daktari faili nikimwambia huyu anahitaji kidonge cha nne. Akaongezewa. Miezi ikapita, hakuna kitu. Jumanne moja akaja na mkewe, na nikasema tu, kwa mazoea, nionyesheni dawa. Mama akafungua mkoba akatoa mkebe wa Kimbo. Ndani, vidonge vyote vilikuwa vimekatwa nusu kwa wembe, vimepangwa vizuri, vumbi jeupe limejaa chini ya mkebe. Nikauliza ni nini hiki. Akanijibu kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linatoka mashariki: "Sista, presha tunayo wote wawili. Faili ni lake tu. Tunagawana."

Nilikuwa nimemwongezea dawa mtu anayemeza nusu. Siku ile nilimfungulia mama faili lake, kila mmoja akapewa vyake, kile kidonge cha nne tukakiondoa. Ilipofika kliniki ya pili mzee alisoma 138. Neno SUGU nililifuta kwa wino wa kusahihishia, lakini ukishika faili kwenye mwanga lilionekana bado, na naye alikuwa hodari wa kulishika kwenye mwanga.

Usidhani ni umaskini wa Dunga peke yake. Katika mojawapo ya tafiti za mawimbi ya redio, watu waliopimwa damu na mkojo kutafuta dalili za dawa walizoandikiwa walikutwa kwamba karibu wanne kati ya kila kumi hawakuwa wakizimeza sawasawa. Na walikuwa wanajua watapimwa!

Kwa hiyo, ndugu yangu dereva, mimi sijakubali bado kwamba presha yako ni sugu. Mtu huitwa hivyo akiwa anameza vidonge vitatu, kimoja kikiwa cha maji, kwa kipimo cha kutosha, kila siku, na bado namba ziko juu zikipimwa ipasavyo. Wewe cha maji unakiacha siku mbili kati ya saba. Hiyo ni kuteremka Salgaa umeweka gari fri: mara nyingi unafika, na ndiyo maana watu huendelea. Tena umeacha kile kisichofaa kuachwa. Ulifanyika utafiti katika nchi sita za Afrika, Kenya yetu ikiwamo, ukachapishwa 2019, wa watu 728. Walilinganisha jozi tatu za vidonge. Zile mbili zenye amlodipini ndani, ikiwamo amlodipini pamoja na kidonge cha maji, ziliwashusha watu wetu zaidi ya ile jozi isiyokuwa nayo. Unayo jozi nzuri mkononi, unaacha nusu yake Njoro. Mwulize daktari wako kama siku ya safari unaweza kukimeza ukishafika. Jibu litakuwa rahisi kuliko unavyofikiri.

Pili, diklofenaki. Hapa nilikaribia kukuandikia barua ya dharura. Dawa za maumivu za jamii hiyo, yeye na Brufen na ndugu zao, huzuia figo kutoa chumvi, hupandisha presha na huzima nguvu ya losatani na ya kidonge cha maji. Ukizichanganya zote tatu kwa muda mrefu unaziweka figo pabaya. Nne kwa siku si kutuliza mgongo! Mwone daktari kuhusu huo mgongo, na ukipimwa damu dai kipimo cha figo na madini ya potasiamu. Sikusikia popote kwenye barua kwamba daktari anajua habari za diklofenaki. Wenye maduka ya dawa wanajua, lakini wao hawashiki faili lako.

Tatu, kukoroma. Mama watoto hakukuhama kwa nyodo. Mwulize kama usiku unakoroma, unanyamaza kimya kama uliyekata roho, kisha unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Kama ndivyo, una ugonjwa wa kukatikiwa pumzi usingizini, na huo ni miongoni mwa sababu kubwa za presha isiyoshuka. Kila pumzi ikikatika, tanboi anapiga bodi. Shahidi wa jambo hilo ni yeye peke yake, kwa hiyo nenda naye kliniki.

Nne, unapimwaje? Hukuniambia. Nitakisia: unashuka kwenye bodaboda, unapanga foleni, unaitwa, unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, mkono umening'inia, sista anakuuliza habari za Njoro na wewe unamjibu, mashine inaendelea. Kibofu kimejaa. Nimewapima watu hivyo mimi mwenyewe siku foleni ilipofika mlangoni, na namba niliiandika nikijua ni ya uongo. Inavyotakiwa ni kukaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda uwe wa saizi yako. Dereva mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo husomewa presha isiyo yake. Wahudumu wa afya wa vijijini tangu 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha. Mtafute wa kwenu akupime asubuhi na jioni kwa wiki moja, uandike kwenye daftari. Hilo daftari lina thamani kuliko ile namba moja ya kliniki.

Fanya hayo kwa miezi mitatu. Kama namba zitabaki juu, bado hujamaliza ngazi. Kuna kidonge cha nne kiitwacho spironolaktoni ambacho katika utafiti wa Uingereza wa 2015 kilishinda vingine vilivyoshindanishwa nacho kwa watu wa presha sugu, na bei yake si ya kuuzia ardhi, ingawa potasiamu lazima ipimwe. Kuna pia kuchunguzwa kama ateri ya figo imebana, au kama tezi iliyo juu ya figo inamwaga homoni ya kushika chumvi kupita kiasi. Ukishayapita yote hayo na bado uko 168, nitumie barua nyingine, nami nitakuwa wa kwanza kukwambia mpigie kijana simu mzungumze habari za katheta. Lakini hata siku hiyo yeye ndiye auze kitu, si wewe.

Sista, hujambo. Mume wangu ana presha na kliniki wamesema tupunguze chumvi. Nimetii. Mrenda sitii chumvi hata punje, natia magadi peke yake, na inateleza vizuri. Mama mkwe anasema magadi ni mabaya, nitumie munyu wa majivu kama zamani. Nani mwenye haki?
Mama wa Mumias

Mama mkwe, lakini si kabisa.

Magadi hutoka kwenye ziwa la jina hilo huko Kajiado, na ndani yake mna sodiamu, kitu kilekile kinachokatazwa kwenye chumvi ya meza. Ulimi hauisikii kwa sababu haina ule ukali wa chumvi, ina ladha ya sabuni. Umemfukuza mwizi mlangoni ukamfungulia ndugu yake dirisha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na hapo hesabu ni ya vyote: ugali wenyewe hauna, lakini mkate unao, vile viungo vya pakiti vya mchuzi vimejaa, na magadi yako yahesabu pia.

Munyu musherekha, ule wa kuchuja maji kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ni habari nyingine. Nimekua nikitumwa na nyanya kushikilia kile kibuyu chenye matundu chini, tone, tone, mpaka mkono ufe ganzi. Madini yaliyo mengi humo ni potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima na anayetumia kidogo, mimi sina ugomvi nao. Lakini kama mume wako anameza losatani, enalaprili au spironolaktoni, au aliwahi kuambiwa figo zake zimechoka, potasiamu inaweza kupanda na kusumbua moyo. Mwambieni daktari kabla ya kugeuza chungu. Na mrenda huteleza wenyewe, mama, ukiuchanganya na likhubi, yaani majani ya kunde, na kuupika taratibu. Magadi ni haraka yetu tu.

Sista, mimi ni kijana wa Nyalenda. Mama yangu ana presha, nimesikia habari hizi za kuchoma neva za figo kwenye simu. Ninaogopa. Neva zikichomwa figo si itakufa? Itajuaje kazi yake?

Umeuliza swali zuri kuliko wengi waliovaa koti jeupe. Jibu lipo kwa watu waliopandikizwa figo. Unapomtoa mtu figo ukampa mwenzake, neva zote za figo ile zinakatwa, hakuna hata moja inayounganishwa. Daktari hushona ateri, vena na mrija wa mkojo basi. Na figo hufanya kazi. Upandikizaji wa kwanza uliodumu ulifanywa Boston mwaka 1954 kati ya ndugu mapacha, na aliyepewa aliishi miaka minane baada ya hapo, akaoa na kupata watoto. Mara nyingi figo mpya huanza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado mezani. Kuchuja damu haihitaji kuambiwa na mtu. Neva ni za kuiharakisha tu, kama nilivyomweleza dereva wa Njoro hapo juu, soma kwake.

Ila hofu yako umeielekeza kwa katheta ambayo mama hajaandikiwa na mtu yeyote. Umesema ana presha, hukusema ni ngapi, hukusema anameza nini, hukusema ana miaka mingapi wala kama mkojo wake uliwahi kupimwa protini. Mpime leo jioni akiwa amekaa, amenyamaza, hajatoka jikoni. Andika namba zote mbili, ya juu na ya chini, na majina ya vidonge kama yalivyo kwenye pakiti, unitumie.